Stanslaus: jina la Waslavi lililofika Karema, na herufi moja inayowasumbua watoto wake

Msikilizaji, sikiliza kipindi chochote cha salamu na utausikia mkoa wetu wa Katavi ukipita kwa majina. Kulwa aliyeko Majimoto anamsalimu Doto aliyeko Inyonga. Ndayishimiye wa Mishamo anawasalimu wajomba zake wa Katumba. Mara anaingia Stanslaus wa Karema, anamsalimu baba yake mdogo, mzee Ladislaus.

Kulwa na Doto hawahitaji maelezo. Kila mtu anajua ni mapacha, Kulwa katangulia na Doto kafuata. Ndayishimiye naye, ukimuuliza mtu wa Kirundi, atakuambia maana yake papo hapo: namshukuru Mungu. Lakini Stanslaus maana yake nini? Hata wenye jina lenyewe wengi hujibu kwamba ni jina la dini, au ni jina la Kizungu. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila hayatoshi. Jina hili lina lugha yake, lina maana yake, na lina safari ndefu mpaka kufika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tena katika safari hiyo limebadilishwa herufi mara kadhaa, jambo ambalo leo linawatesa watu benki, shuleni na mahakamani. Ndiyo maana tumeona tulieleze.

Maneno mawili ndani ya jina moja

Stanslaus ni jina la Kislavi. Waslavi ni kundi la mataifa ya Ulaya ya kati na mashariki ambayo lugha zao ni za ukoo mmoja, kama lugha zetu za Kibantu zilivyo za ukoo mmoja. Humo wamo Warusi, Wapolandi, Waukraine, Wacheki, Waserbia na wengine. Msukuma akimsikiliza Mfipa hupata neno moja moja, na Mpolandi akimsikiliza Mcheki ni hivyo hivyo.

Zamani Waslavi walipenda kumpa mtoto jina la maneno mawili yaliyounganishwa, likawa kama sentensi fupi au dua. Poland jina letu huandikwa Stanisław. Sehemu ya kwanza inatokana na neno la kusimama au kuwa. Sehemu ya pili ni slava, yaani sifa, utukufu. Ukiunganisha unapata mtu atakayesimama katika utukufu, au atakayekuwa mwenye sifa. Ni dua ya mzazi kwa mtoto wake.

Utaratibu huo si mgeni kwetu Katavi. Majina mengi ya Kirundi yanayosikika Katumba na Mishamo, ambako Warundi walipokelewa baada ya machafuko ya mwaka 1972, nayo ni sentensi. Hakizimana ni sentensi kamili: Mungu ndiye anayeponya. Kwa hiyo mtu anayeitwa Hakizimana na mtu anayeitwa Stanslaus, ingawa majina yao yametoka mabara tofauti, wote wamebebeshwa maneno ya baraka na wazazi wao.

Watakatifu wawili

Jina lilitoka kwa Waslavi na kuenea duniani kwa sababu ya watu wawili, wote wa Poland.

Wa kwanza ni Stanislaus wa Kraków. Alizaliwa karibu mwaka 1030 katika kijiji cha Szczepanów, akawa Askofu wa mji wa Kraków. Aligombana na mfalme wa nchi yake, Bolesław wa Pili, na mwaka 1079 akauawa kwa amri ya mfalme huyo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1253, na kumbukumbu yake katika kalenda ya Kanisa ni tarehe 11 Aprili. Wapolandi wanamhesabu kuwa mmoja wa walinzi wa taifa lao. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea Tanzania Septemba 1990 na kufika mpaka Tabora, kabla ya kuwa Papa alikuwa Askofu Mkuu wa Kraków hiyo hiyo. Alikalia kiti kile kile cha Stanislaus.

Wa pili ni kijana, Stanislaus Kostka, aliyezaliwa mwaka 1550 katika familia ya wakubwa. Alitaka kuingia shirika la Wajesuiti, baba yake akakataa. Mwaka 1567 akatoroka kutoka mji wa Vienna alikokuwa anasoma, akaenda kwa miguu, akapitia Ujerumani na hatimaye kufika Roma. Alipokelewa, lakini alifariki mwaka uliofuata, Agosti 1568, akiwa na miaka 17 tu. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1726, na amekuwa mfano kwa wanafunzi na vijana wa Kikatoliki sehemu nyingi za dunia.

Sasa, Kanisa la wakati huo liliandika kumbukumbu zake kwa Kilatini. Kilatini hakina herufi za Kipolandi, na majina yake mengi ya kiume huishia na -us. Ndipo Stanisław akawa Stanislaus. Hilo lilikuwa badiliko la kwanza la tahajia, na lilitokea kabla jina halijavuka bahari kuja kwetu.

Lilivyofika kwetu

Lango la Ukatoliki katika mkoa wetu ni Karema, iliyoko leo katika Wilaya ya Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga boma pale kandokando ya ziwa. Mwaka 1885 boma hilo wakakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Kuanzia hapo imani ikaingia bara mpaka Ufipa, na baadaye Mpanda, ambayo mwaka 2000 ikawa jimbo lake yenyewe.

Mapadri hawakuja na imani peke yake. Walikuja pia na kitabu cha ubatizo na kalenda ya watakatifu. Kila aliyebatizwa alipewa jina la mtakatifu, ambaye Wakatoliki wa Kiswahili humwita somo wake. Mara nyingi jina lilichaguliwa kwa kuangalia ni mtakatifu gani anakumbukwa siku zile. Hii haikuwa hiari ya padri mmoja mmoja. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimwagiza paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na kama wazazi hawakukubali, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni.

Ndiyo sababu majina ya nchi za mbali kabisa yakaota mizizi vijijini kwetu. Mtu hakuhitaji kumwona Mpolandi hata siku moja ili aitwe Stanslaus. Ilitosha kalenda kuwa mezani kwa padri.

Mfano mzuri wa jina la ubatizo kukaa pamoja na jina la nyumbani ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kufanya kazi ya tiba na ukatekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Adrian ni jina la ubatizo, Atiman ni jina la kwao. Hakuliacha hata moja, na Karema inamkumbuka kwa yote mawili.

Wapo wanaodhani majina haya yaliletwa na Wapolandi wenyewe. Ni kweli kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliletwa Tanganyika. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yapo pale hadi leo. Lakini waliishi zaidi kambini kwao, na baada ya vita wengi waliondoka. Njia ya kalenda ya Kanisa ilikuwa imefunguliwa Karema zaidi ya miaka 50 kabla yao.

Ndugu zake Stanslaus

Stanslaus hakuja peke yake. Wapo ndugu zake wenye mkia ule ule wa -slaus, na sasa unajua mkia huo maana yake ni utukufu.

Ladislaus anatokana na Vladislav: kutawala, na utukufu. Mtakatifu wake ni Mfalme Ladislaus wa Hungaria, aliyefariki mwaka 1095. Wahungaria wenyewe si Waslavi, ila waliazima jina kwa majirani, kama sisi tulivyoazima. Nchini kwetu wengi watamkumbuka Dkt. Ladislaus Komba, aliyewahi kuwa Balozi wa Tanzania nchini Uganda.

Wenseslaus ni jina la mtawala wa Wacheki aliyeuawa na watu wa ndugu yake mwenyewe katika karne ya 10. Wacheki humwita Václav, na kumbukumbu yake ni tarehe 28 Septemba. Maana ya jina ni mwenye utukufu zaidi.

Kasimiri hana mkia wa -slaus, lakini naye ni Mslavi. Kwa Kipolandi ni Kazimierz. Mtakatifu wake alikuwa mwana wa mfalme, alizaliwa mwaka 1458 na kufariki mwaka 1484, na hukumbukwa tarehe 4 Machi. Sehemu ya mwisho ya jina lake, mir, ni neno la Kislavi linalohusu amani.

Bado linapendwa?

Kwao Poland, Stanisław lilikuwa limebaki jina la mababu, lakini miaka ya karibuni limerudi kwa nguvu na wazazi vijana wanawapa watoto wao tena. Hapa kwetu mambo yamekwenda kinyume. Watoto wanaozaliwa leo Mpanda wanaitwa Brayani, Junia, Glory na Precious. Stanslaus ni babu, au baba mtu mzima.

Sababu mojawapo ni kwamba Kanisa lenyewe limelegeza sharti. Sheria mpya za mwaka 1983 zinataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa hiyo Tumaini, Neema na Baraka wanabatizwa kwa majina hayo hayo bila shida. Sababu nyingine ni kwamba wazazi sasa wanachukua majina kwenye runinga, kwenye simu na kwenye mpira.

Cha kuchekesha ni kwamba Waslavi wamerudi kwa mlango huo. Ivan ni Yohane kwa lugha za Kislavi. Natasha ni kifupi cha Natalia kwa Kirusi. Nadia, kwa Warusi, ni kifupi cha jina lenye maana ya tumaini, ingawa Waarabu nao wana Nadia yao. Kwa hiyo mzazi wa Mpanda aliyemwita binti yake Nadia na jirani yake aliyemwita wake Tumaini huenda wamechagua jina moja kwa lugha mbili.

Hata hivyo Stanslaus halijatoweka, na sababu ni namna Watanzania tunavyoandika majina. Jina la baba linakuwa jina la pili la mtoto. Maria binti wa Stanslaus anaandikwa Maria Stanslaus, na kaka yake ni Joseph Stanslaus. Wakati mwingine linakaa mbele ya jina la kikabila, kama kwa Stanslaus Mabula, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Nyamagana jijini Mwanza mwaka 2015. Stanslaus ni Mslavi, Mabula ni Msukuma, jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua. Na wapo waliotanguliza jina la nyumbani na kuliweka la ubatizo katikati. Mzee wetu Mizengo Kayanza Peter Pinda, Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, anajulikana nchi nzima kwa jina la nyumbani, na Peter limo ndani.

Herufi moja, shida nyingi

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la mfukoni.

Kiswahili hakipendi konsonanti zilizorundikana. Mdomo wetu ukikutana na Stanislaus unatafuta njia ya mkato. Wengine wanaidondosha i ya katikati, wanapata Stanslaus, na hii ndiyo iliyoenea zaidi Tanzania. Wengine wanaihamisha, wanapata Stansilaus. Wengine wanaandika Stanslausi. Ladislaus anakuwa Ladslaus. Wenseslaus anaandikwa pia Wenceslaus na Venslaus. Kasimiri ni Kasmiri, Casmir au Casimir.

Kutamka hivyo si kosa. Kila lugha hutengeneza jina la kigeni lifae mdomo wake, na Kilatini kilifanya hivyo kwa Kipolandi kabla yetu. Mdomo una uhuru huo. Makaratasi hayana.

Tuseme mzee amebatizwa Stanislaus, kama padri alivyoandika kitabuni. Akafungua akaunti benki, karani akaandika Stanslaus. Akajiandikisha kitambulisho cha taifa, ikawa Stansilaus. Akiwa hai, watu wote wanamfahamu, hakuna tatizo. Akifariki, cheti cha kifo kinatoka kwa jina moja, akaunti ina jina lingine. Msimamizi wa mirathi anakwenda benki na barua ya mahakama, anaambiwa jina halifanani. Anarudi Mahakama ya Mwanzo, anatafuta wakili, analipa nauli mara nne kutoka kijijini mpaka mjini.

Kwa watoto shida inazaliana. Kwa kuwa jina la baba ni jina la pili la kila mtoto, kosa moja linagawanyika kwa watoto sita. Maria ni Stanslaus, Joseph ni Stanislaus, mdogo wao ni Stansilaus. Ukiwasoma kwenye makaratasi utadhani wana baba watatu. Siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, ajira, pasi ya kusafiria au urithi wa shamba, wanaanza kuthibitisha kwamba wao ni ndugu.

Wenye majina ya Kirundi wanalijua hili vizuri. Jina kama Ndayishimiye likiandikwa na karani asiyejua Kirundi linaweza kupotea herufi mbili kwa mara moja. Na wengi wa wakazi wa Katumba na Mishamo walipewa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014, hivyo tahajia iliyoandikwa kwenye cheti hicho inapaswa kufanana na nyaraka zao nyingine zote.

Nini cha kufanya

Kwanza, kaeni kama familia mkubaliane tahajia moja ya jina la baba. Hakuna tahajia iliyo takatifu kuliko nyingine. Stanslaus ni sawa, Stanislaus ni sawa. Kinachotakiwa ni ifanane. Kwa kawaida ni busara kufuata ile iliyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayotumika kusajili laini ya simu na kufungua akaunti.

Pili, mtoto anapozaliwa, andika majina yote kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umpe mhudumu wa zahanati au mtendaji. Usiyataje kwa mdomo tu. Kabla ya kuondoka, soma tangazo la kizazi herufi kwa herufi. Kama husomi vizuri, nenda na anayesoma. Kusahihisha palepale ni kazi ya dakika moja.

Tatu, mtoto akiandikishwa darasa la kwanza, peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Akifika darasa la saba na kidato cha nne, omba kuona majina yalivyojazwa kwenye usajili wa mtihani. Kurekebisha kabla ya mtihani ni rahisi. Cheti kikishatoka ni kazi nzito.

Nne, mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuomba kwa RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyosaidia, na kitabu cha parokia hutunzwa miaka mingi. Ila angalia kwanza jina lilivyoandikwa humo, usije ukaongeza tahajia ya nne juu ya tatu ulizo nazo.

Tano, kama nyaraka zimeshatofautiana, yapo marekebisho ya kisheria. Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi huanza kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Mabadiliko makubwa huhitaji hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Uliza kwanza ofisi unayoipelekea inataka ipi kati ya hizo, ili usilipe mara mbili. Na ufanye ukiwa hai na mwenye nguvu, maana kiapo cha mtu mwenyewe hakina ubishi kama cha wanaomshuhudia akiwa kaburini.

Jioni ya leo, toa mfuko wa nyaraka, tandaza mkekani cheti, kitambulisho, kadi ya benki na vyeti vya watoto, kisha linganisheni jina la baba kwenye kila karatasi. Mkikuta i imeruka mahali, andikeni ni karatasi ipi, na safari ya kwanza ya kwenda mjini ianzie hapo.